Mibofyo Haijazi Vyumba

Kuna kauli moja ambayo siku hizi mfanyabiashara wa Mombasa haepukani nayo. Ataisikia kwenye semina za wajasiriamali, ataambiwa na mpwa wake aliyesomea kompyuta, ataletewa mlangoni na kijana mwenye kipakatalishi na mkataba wa mwaka mzima: kama hauko ukurasa wa kwanza wa Google, haupo. Wenye nyumba za wageni Ndia Kuu wameambiwa. Madaktari wa meno na mawakili wa Kizingo wameambiwa. Wapishi wa harusi, mafundi wa samani na wenye mashua za kutembeza watalii, wote wameambiwa. Wengi wameamini, na kila mwezi wanatoa pesa ili tovuti zao zipandishwe na matangazo yao yatokee juu.

Sipingi biashara kuwa na tovuti, wala anwani yake kuonekana kwenye ramani. Ninachopinga ni imani kwamba kununua wageni wa tovuti ni kununua wateja, na kwamba biashara ndogo isiyonunua itakufa. Imani hiyo inatoa pesa kwenye mifuko ya watu wa kisiwa hiki kila mwezi, na wanaoieneza hawaulizwi hesabu.

Kwa haki yao, hoja wanayoitoa ina uzito, na nitaieleza kama wao wenyewe wanavyoieleza. Wanasema mgeni wa leo hutafuta kwenye simu kabla ya kupanda ndege au treni ya Madaraka Express, kwa hiyo asiyeonekana huko amekosa soko. Wanasema tangazo la mtandaoni linapimika shilingi kwa shilingi, tofauti na bango la barabarani. Wanasema mtandao umesawazisha uwanja, mdogo na mkubwa wanasimama pamoja. Wanasema kuboresha tovuti kwa ajili ya injini za utafutaji ni bure na faida yake ni ya kudumu. Mwisho wanasema, usipolipa wewe, jirani yako atalipa, akuchukulie wateja. Ni madai matano. Nitayajibu moja baada ya jingine.

1. Kwamba kuonekana ni kuuza

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mji wa Kale aliniomba nimsomee ripoti aliyoletewa na kampuni iliyokuwa ikimwendeshea matangazo. Zilikuwa kurasa nyingi za grafu, na kila mstari ulikuwa unapanda: walioona tangazo wameongezeka, waliobofya wameongezeka, bei ya kila mbofyo imeshuka. Vyumba vyake vilikuwa havijaongezeka watu. Nikamwomba aitishe kitu kimoja ambacho hakikuwemo, yaani orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kubofya tangazo lake. Ilibidi apige simu mara kadhaa ndipo akaipata.

Tuliisoma pamoja barazani. Mtu mmoja alitaka kujua Fort Jesus hufunguliwa saa ngapi. Mwingine alitafuta picha za milango ya Mji wa Kale. Mwingine alitafuta nyumba ya kupanga Kizingo, mwingine hoteli ya Zanzibar. Na wengi, ukurasa baada ya ukurasa, walikuwa wameandika maneno ya namna moja: kazi za hoteli Mombasa, nafasi za kazi, kazi ya usafi hotelini.

"Mwanangu," akaniuliza, "mimi nimewalipia wanaotafuta kazi?"

"Ndiyo, mama."

Alikuwa amewalipia mmoja mmoja. Walikuwa vijana wa mji uleule, wasio na ajira, na kila mmoja aliyebofya kwa matumaini alimkata yeye pesa. Hakuna aliyepata alichokitafuta isipokuwa mwenye kuuza tangazo.

Hilo halikuwa bahati mbaya. Google Ads ina mipangilio yake ya awali. Neno unalolichagua hulinganishwa kwa upana, kwa hiyo ukiandika "hoteli Mombasa" tangazo lako linaweza kumtokea mtu aliyeandika jambo jingine kabisa ambalo mtambo umeona linakaribiana. Mahali nako kumewekwa kwa upana: tangazo huwafikia waliopo mahali ulipopachagua na pia walioonyesha tu kupendezwa napo, hata wakiwa bara jingine na bila nia ya kusafiri. Kampeni ya utafutaji huanza ikiwa tayari imewekewa alama ya kuonyeshwa kwenye tovuti za washirika. Hata bajeti ya siku si kikomo cha siku. Tangu 2017 kampuni hiyo inaweza kutumia hadi mara mbili ya kiasi ulichoweka kwa siku moja, mradi isivuke hesabu ya mwezi. Kila mpangilio unaweza kubadilishwa na anayejua ulipo. Lakini mama yule hajui, na aliyemtoza ada ya kuujua hakuubadilisha, kwa sababu ripoti yenye mibofyo mingi ndiyo inayomfanya alipwe mwezi ujao.

2. Kwamba kila shilingi inapimika

Swali la kwanza ni nani anayepima. Anayeuza mbofyo ndiye anayeuhesabu, ndiye anayeamua ni mauzo gani yameletwa na tangazo, na ndiye anayekuandikia ripoti. Hakuna muuza samaki Marikiti ambaye tungemruhusu atupimie kwa mizani aliyoifungia chumbani.

Swali la pili ni zito zaidi: je, mteja huyo asingekuja bila tangazo? Mwaka wa 2012 eBay, kampuni ambayo haikosi wataalamu wa takwimu, ilifanya jambo ambalo wafanyabiashara wetu huambiwa wasilijaribu. Ilizima matangazo yake ya Google katika baadhi ya maeneo ikayaacha katika mengine, kisha ikalinganisha. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walichapisha matokeo katika jarida la Econometrica mwaka wa 2015. Matangazo yaliyofungamanishwa na jina la eBay yalipozimwa kwenye injini ya utafutaji ya Microsoft, asilimia 99.5 ya wageni walifika vilevile, kwa kubofya kiungo cha kawaida kilichokuwa chini ya tangazo. Kwa maneno mengine ya utafutaji, tangazo liliwavuta kiasi wanunuzi wapya na wale wa nadra, lakini sehemu kubwa ya pesa ilikwenda kwa wateja wa kila siku ambao wangenunua hata hivyo. Kwa wastani, matangazo yalileta hasara.

Miaka michache baadaye, Procter & Gamble, mmoja wa watangazaji wakubwa kabisa duniani, ilipunguza zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni katika robo moja ya mwaka wa 2017. Wakuu wake walisema hawakuona mauzo yakiathirika kwa kiasi cha kutajika.

Sasa lete hesabu hiyo Kizingo. Mgonjwa ameelekezwa na dada yake kwa daktari wa meno. Anaandika jina la kliniki kwenye simu ili apate namba. Juu kabisa linatokea tangazo la kliniki hiyohiyo. Analibofya, kwa sababu ndilo la kwanza, na daktari anakatwa pesa kwa mgonjwa aliyekwisha kuletwa na dada. Mwisho wa mwezi ripoti inasema tangazo limeleta mgonjwa. Dada hatajwi popote, na daktari, akiamini karatasi, anaongeza bajeti ya tangazo na kupunguza mishahara ya mapokezi, mahali ambapo wagonjwa hupokelewa vizuri hata wakawaleta dada zao.

3. Kwamba mtandao umesawazisha uwanja

Nafasi ya juu ya Google hutolewa kwa mnada. Dau na ubora wa tangazo kwa vipimo vya Google yenyewe ndivyo vinavyoamua nani anatokea. Nyumba ya wageni yenye vyumba sita Mji wa Kale inaingia mnada huo dhidi ya nani? Dhidi ya Booking Holdings, kampuni inayomiliki Booking.com na Agoda, ambayo mwaka wa 2023 ilitumia zaidi ya dola bilioni 6 kwa masoko. Huo si uwanja uliosawazishwa. Kinachofanana kwa mdogo na mkubwa ni lango la kuingilia tu.

Google hairuhusu tu maneno ya jumla yanadiwe. Inaruhusu hata jina la biashara yako kununuliwa na mwingine kama neno la utafutaji. Mgeni aliyelala kwako mwaka jana, akakupenda, akaandika jina lako ili arudi, anaweza kukutana kwanza na tangazo la wakala wa mtandaoni. Akipitia huko, unalipa kamisheni ya karibu asilimia 15 kwa mgeni ambaye alikuwa wako. Ukitaka kuzuia hilo, unashauriwa ununue tangazo la jina lako mwenyewe. Kwa njia yoyote utakayochagua, mgeni wako wa zamani amegeuzwa kitu cha kulipiwa upya.

Mahakama imekwisha kuyasikia mengi ya haya. Mnamo Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho Washington aliamua kwamba Google ilikuwa imedumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Ushahidi ulionyesha kampuni hiyo iliilipa Apple dola bilioni 20 katika mwaka wa 2022 pekee ili iwe injini ya awali kwenye kivinjari cha simu zake. Jaji aliona pia kwamba Google iliweza kupandisha bei za matangazo ya maandishi bila kuogopa kwamba wateja watahama, kwa kuwa hawakuwa na pa kuhamia. Aprili 2025 mahakama nyingine ya Marekani, chini ya Jaji Leonie Brinkema, iliamua vivyo hivyo kuhusu sehemu ya mitambo ya kuuzia matangazo kwenye tovuti. Mshauri anayekuja Kizingo kuuza usawa wa mtandao anauza kitu ambacho majaji wawili walichunguza na hawakukiona.

Waanzilishi wa Google wenyewe walionya. Mwaka wa 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa bado wanafunzi Stanford, waliandika kwamba injini ya utafutaji inayoishi kwa matangazo itaelemea kwa watangazaji na kuwaacha watafutaji. Mwaka wa 2000 wakaanza kuuza matangazo.

4. Kwamba kupandisha tovuti ni bure na ni kwa kudumu

Hapa madai mawili yamefungwa pamoja, na yote mawili hayasimami.

Si bure. Kuna ada ya mwezi, kuna anayelipwa kuandika makala zisizo na msomaji, kuna viungo vinavyonunuliwa kwenye tovuti za mbali ili Google idhani unaheshimika. Kununua viungo namna hiyo kunakiuka kanuni za Google, na tovuti ikigunduliwa hushushwa. Anayeshushwa ni mwenye biashara. Aliyeuza viungo hana la kupoteza. Kadhalika wanaoahidi nafasi ya kwanza wanaahidi kitu ambacho Google yenyewe, katika mwongozo wake kwa wenye tovuti, inasema hakuna awezaye kukihakikisha.

Wala si kwa kudumu. Google hubadilisha vigezo vyake inapotaka, na tovuti iliyokuwa juu Jumatatu inaweza kuwa haionekani Ijumaa bila maelezo. Kuna wafanyabiashara wengi Afrika Mashariki walioshauriwa watengeneze tovuti za bure zilizokuja pamoja na wasifu wa biashara wa Google. Machi 2024 kampuni hiyo ilizizima zote. Kwa muda aliyezitembelea alielekezwa kwenye wasifu, na kufikia Juni hata uelekezaji huo ukakatwa.

Mombasa tunalijua jambo hili kuliko wengi. Katika mji huu zipo familia zilizojenga nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, zikalipa kodi ya kiwanja kizazi baada ya kizazi, na siku mwenye ardhi alipouza, aliyejenga akaambiwa abomoe. Nyumba ilikuwa yake, ardhi haikuwa yake. Biashara inayoishi kwa nafasi yake Google iko katika hali hiyohiyo: tovuti ni yako, watu wanaopita si wako, na mwenye kiwanja hana mkataba nawe.

Sasa mwenye kiwanja ameanza kufunga njia. Tangu Mei 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo muhtasari ulioandikwa na akili unde, na Oktoba mwaka huohuo ikaueneza kwa zaidi ya nchi 100. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilifuatilia watumiaji na kuripoti Julai 2025 kwamba waliouona muhtasari walibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 8 tu ya utafutaji wao, dhidi ya asilimia 15 pale ambapo muhtasari haukuwepo. Mwenye tovuti aliandika maelezo, mtambo ukayasoma na kuyafupisha, na mgeni hakufika.

Kuna gharama nyingine ambayo haiingii katika hesabu ya mtu yeyote, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Fungua tovuti za nyumba za wageni na waongozaji watalii wa Mji wa Kale. Utakuta aya zilezile za Kiingereza, zenye maneno yaleyale yaliyorundikwa kwa sababu mshauri alisema ndiyo yanayotafutwa. Hapa ni mji wenye msikiti wa Mandhry wa mwaka wa 1570, wenye jumba lililobeba jina la Leven, meli ya Kiingereza iliyofika mwaka wa 1824. Mwongozaji wa hapa akisimama na mgeni mlangoni anaweza kumweleza familia iliyokaa, biashara iliyofanyika na jahazi zilizotia nanga chini yake. Akiandika tovuti anaambiwa ayaache hayo kwa kuwa hakuna anayeyatafuta. Kwa hiyo kitu pekee alichonacho ambacho Malindi, Zanzibar na Goa hawana, ndicho anachoshauriwa akifute, ili afanane na kila mtu, halafu alipe ili atofautishwe nao. Kiswahili chake nacho kinabaki nje ya mlango wa biashara iliyo katikati ya Waswahili.

5. Kwamba usipolipa, mwenzako atalipa

Dai hili ni tishio lililovaa nguo za ushauri, na ndilo linalofanya kazi vizuri zaidi. Ndugu wawili wa mtaa mmoja, wenye nyumba za wageni zinazotazamana, wanaambiwa kila mmoja kwa wakati wake kwamba mwenzake ameongeza dau. Wote wanaongeza. Wageni wanaofika Mombasa hawaongezeki hata mmoja kwa sababu hiyo, kwa kuwa idadi yao huamuliwa na ndege, usalama, bei na misimu. Kilichoongezeka ni bei ya mbofyo, na pesa ya ndugu wote wawili imeondoka nchini.

Serikali imeliona hilo kwa upande wa kodi. Januari 2021 Kenya ilianza kutoza asilimia 1.5 kwa huduma za kidijitali za kampuni za nje, na mwishoni mwa 2024 ikaweka kodi nyingine mahali pake. Lakini kodi haituambii pesa hiyo ingefanya nini kama ingebaki. Zamani pesa ya tangazo la mfanyabiashara wa kisiwani ilikwenda kwa mchora mabango, kwa mpiga chapa, kwa redio za hapa kama Baraka FM, Radio Rahma na Radio Salaam. Tangazo hilo lililipa mshahara wa mwandishi anayehudhuria vikao vya bunge la kaunti na kuuliza kwa nini maji hayatoki. Tunapolalamika kwamba hakuna anayehoji mambo ya mji wetu, tukumbuke tulikopeleka pesa iliyokuwa ikimlipa anayehoji.

Na mashindano haya hayagharimu pesa tu; yanagusa pia siri za watu. Anayetangaza mtandaoni kwa kawaida hushauriwa aweke kwenye tovuti yake msimbo wa kufuatilia wageni. Kliniki ikiuweka, huenda kampuni ya mbali ikajua ni nani aliyefungua ukurasa wa uzazi au wa magonjwa ya zinaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamwajibisha mwenye kliniki, naye mara nyingi hajui hata kama msimbo upo.

Pesa iende wapi basi

Iende kwa vitu ambavyo ukiamka kesho ni vyako. Anwani ya tovuti iandikishwe kwa jina lako, kwa sababu wengi hugundua siku ya kuachana na mshauri kwamba mshauri huyo ndiye aliyeiandikisha kwa jina lake. Namba ya simu iwe sahihi kwenye ramani, jambo ambalo Google hailitozi. Awepo mtu wa kujibu simu na WhatsApp mgeni akiuliza saa tatu usiku. Liwepo daftari la waliowahi kukaa, walioridhia kuandikiwa, ili wakumbukwe msimu ukifika. Maelezo ya biashara yaandikwe na anayeijua, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni, hata kama mtambo haujui uyaweke wapi.

Mtaa wa Biashara hapa Mombasa una ushahidi kwamba hili linawezekana. Kanga za Kaderdina Hajee Essak zimeuzwa tangu 1887, na mnunuzi akizishika hutafuta chapa ya Mali ya Abdulla kwenye kitambaa chenyewe. Jina hilo lilisafiri juu ya mabega ya wanawake waliozinunua na kuziamini, na hakuna mwenye mnada awezaye kulipangisha kwa mwingine.

Na kwa yule ambaye tayari analipa, kuna jaribio la kufanya kabla ya kuweka saini tena. Mwambie mshauri wako azime matangazo kwa mwezi mmoja, ayarudishe mwezi unaofuata, kisha azime tena. Usiangalie ripoti yake. Angalia taarifa ya namba yako ya M-Pesa, kitabu cha wageni na daftari la mapokezi, na ulinganishe na miezi ileile ya mwaka uliopita. Kama tangazo linaleta wateja, pengo litaonekana kwenye pesa, na atakuwa na haki ya kulipwa. Kama anakataa jaribio hilo, amekwisha kukujibu: anajua wateja wako watakuja hata yeye asipokuwepo.